Mwenza wa Fumba

Skrini zote za ukumbi wa Mlandege zilikuwa nyeusi. Mume wangu alikuwa Fumba anaoa mke wa pili, na picha za harusi zilikataa kuvuka kutoka mtandao wa kule kuja wetu. Sikualikwa. Niliitwa kutengeneza.

"Sumaiya, si wewe ndo fundi?" mama mkwe alinihimiza. "Wageni washachoka."

Mitandao miwili haipokezani picha mpaka kila mmoja umtambue mwenziwe. Fumba walishatutambua. Kwetu, kwenye mipangilio, penye neno "mwenza", yaani mtandao wa pili, palikuwa patupu.

Nikaandika anwani yao. Kidole kikaganda juu ya kitufe cha kukubali. Hina yangu ya Idi ilikuwa imebaki kwenye ncha ya ukucha tu.

"Kimeharibika nini, mwanangu?"

"Hakijaharibika kitu, mama. Mtandao unasubiri mimi nimkubali mwenza."