Dume la Mshindi

Dume alipewa kivuli. Vijana wa promota walimfungia turubai pembeni ya kizimba, wakamwekea ndoo ya maji na majani mabichi, huku wapiganaji wanane wakisubiri zamu zao juani, wamekalia makreti ya soda.

"Na sisi je?" Burito aliuliza.

"Ng'ombe anaumwaga na jua," promota alimjibu bila kumtazama. Jina lake Baltazari, mtu wa miwani mikubwa na simu tatu. "Nyie mmezoea."

Yalikuwa mapambano ya mchanganyiko, ule mchezo ambao ngumi, mateke na mieleka vyote ni ruksa, na nusu ya Bunda ilikuwa imelipa kiingilio. Matangazo yalibandikwa kuanzia stendi ya Musoma mpaka sokoni Butiama: MSHINDI ANAONDOKA NA DUME. Burito hakusoma zaidi ya hapo. Yeye alikuwa dereva wa bodaboda kule Bweri, na mwaka mzima kitu kimoja tu kilikuwa kinamzuia kumwoa Flora, fundi cherehani wa jirani. Baba yake Flora, Mzee Mugeta wa Nyamuswa, alishapokea mbuzi, mablanketi na sukari. Kilichobaki ni dume. "Nampa mpaka Jumapili ijayo," mzee alituma ujumbe. "Kuna mwenye duka ameshaanza kuulizia."

Burito alimtazama dume kwa matamanio. Mweusi, mnene, pembe moja imelalia jicho. Ubavuni walikuwa wamemwandika MSHINDI kwa rangi nyekundu, na chini ya herufi hizo zilichungulia nyingine zilizofifia. Spika zilipopiga kelele mpaka watoto wakaziba masikio, dume hakushtuka. Aliendelea kucheua kama mtu aliyezoea shughuli za watu.

Mpinzani wake kwenye pambano kuu, lile la dume, alikuwa jamaa wa Tarime mwenye shingo kama gogo. Raundi ya kwanza alimfumba Burito jicho la kushoto. Ya pili alimng'oa jino. Ya tatu Burito alimwaza yule mwenye duka, akapata hasira ambayo hakujua anayo, akamkaba jamaa shingo na hakumwachia mpaka alipopiga kofi sakafuni kuomba yaishe.

Uwanja ukalipuka. Burito akakabidhiwa kamba ya dume, akapigwa picha akitabasamu kwa upande ule uliobaki na meno.

Nyuma ya jukwaa, Baltazari alikuwa mpole kama muuguzi.

"Dume nakuletea ndani ya wiki. Leo Jumamosi, ofisi ya mifugo imefungwa. Ukikutwa barabarani na ng'ombe bila kibali utaitwa mwizi. Hii ni Mara, mdogo wangu, unajua mwenyewe."

"Na posho yangu?"

"Elfu hamsini. Toa kumi na tano za kukodi glovu. Toa kumi za daktari."

"Daktari yupi?"

"Aliyekumulika tochi. Toa tano za kiti cha baba yako mdogo."

"Baba Isidori alisimama!"

"Alisimama mbele." Baltazari akamhesabia elfu ishirini, kisha akamkabidhi kadi iliyoandikwa MPIGANAJI WA KULIPWA. "Kadi nimekupa bure."

Elfu ishirini ziliishia mjini Musoma, kwa daktari wa meno, naye alisema hizo ni za kuangalia tu.

"Usihuzunike," Flora alimwambia jioni, akimkanda jicho kwa maji ya chumvi taratibu, kama anayeogopa kuliamsha. "Dume akifika, baba hatakataa. Na siku hizi ana furaha. Mama anasema amepata kimradi huko Bunda, mara moja kwa mwezi. Ameshaezeka nyumba bati jipya. Ukimuuliza ni mradi gani, anacheka tu."

Wiki nzima simu zote tatu za Baltazari hazikupatikana. Jumapili ikafika. Burito na baba yake mdogo Isidori wakaenda Nyamuswa mikono mitupu, wakiwa na picha kwenye simu.

"Picha ni ushahidi," Isidori alisema njia nzima. "Hata mahakamani wanaipokeaga."

Mzee Mugeta aliwapokea chini ya bati lake jipya. Wakamwamkia, wakaletewa viti, wakaulizana habari za mvua. Kisha Burito akatoa simu kwa mikono miwili. Mzee akavaa miwani. Akaitazama picha muda mrefu, akaikuza kwa kidole, akaitazama tena.

"Dume mzuri," alisema.

Burito akapumua.

"Ni wako huyu?"

"Ni wangu, baba. Nimempata kwa jasho."

"Na jino, naona."

"Na jino, baba."

"Mbona hukuja naye?"

"Amebakiza kibali tu," Isidori akadakia. "Huko aliko anatunzwa vizuri sana."

"Hilo nalijua," mzee alisema. Akamrudishia Burito simu, akainuka, akatembea bila haraka mpaka zizini na kuondoa miti ya mlangoni mmoja mmoja.

Akatoka dume mweusi, mnene, pembe moja imelalia jicho, herufi nyekundu zimeanza kubanduka ubavuni.

"Kila pambano ananiletea laki moja taslimu," Mzee Mugeta alisema, akimkuna shingoni, "na hajawahi kupigwa hata kofi. Na wewe, kijana, walikupa ngapi?"