Mfalme Aliyetaka Kuta

Zamani, dola kubwa ya nyika ilikaa katika mahema ya sufi, ikihama kila majani yalipokauka. Mfalme wake, mbwa mwitu Boru, alikuwa na majivuno.

"Wafalme wenzangu wana kuta, mimi nina mablanketi!" alifoka. Akajenga ikulu ya mawe, akaamuru mahema yachomwe.

Bugra, ngamia mzee mbishi, akalala juu ya lundo la mahema. "Nichomeni mimi kwanza." Watumishi wa mfalme wakamcheka, wakamwacha juu ya mahema.

Ikulu ilionekana kutoka mbali, na jeshi la chui likaja moja kwa moja. Bugra akainuka na mahema mgongoni. "Twendeni." Chui walipofika, walikuta mawe matupu.

Kwenye malisho mapya, bakuli la kwanza la maziwa ya farasi, ambalo kwa desturi hunywewa na mfalme, Boru alimpa Bugra kwa mikono miwili.

"Asante, mzee wangu. Umeniokoa na ujinga wangu."

Bugra akanywa, akajilamba. "Nimepokea. Sasa shika kamba, hema linayumba."

Mfalme akashika. Dola ile ipo hadi leo: kila anayekuja kuiangusha hukuta imeshahama.