Kipimo cha Bafuni

Karatasi ya maelekezo ilisema asubiri dakika kumi. Mwokaji mikate aliketi juu ya ndoo aliyoipindua, mlango wa bafu kaufunga kwa komeo, akakikodolea macho kipimo alichokiweka ukingoni mwa sinki. Mistari miwili, mbegu za kiume zinatosha. Mstari mmoja, hazitoshi.

Pakiti ilikuja na vipimo viwili. Cha kwanza alikitumia wiki iliyopita, ukatoka mstari mmoja, akajidanganya kwamba alikosea kuhesabu dakika.

Alikuwa amechoka. Tangu alfajiri alisimama mbele ya tanuri, kazi aliyoachiwa na marehemu baba yake. Lakini uchovu wa mikate ukilala unaisha. Huu mwingine ulikuwa na umri wa miaka saba.

Miaka saba yote aliyepimwa ni mkewe. Damu, mkojo, picha, vidonge vya kila rangi, na kila daktari alimwambia hana tatizo. Mtaani wenzake waliitwa mama fulani na mama fulani. Yeye walimwita mke wa mwokaji, basi. Mwokaji mwenyewe hakuulizwa kitu, naye kwa aibu hakujitolea kupimwa.

Jana mama yake alikuja kula. Alipomaliza kunawa akasema, bila kushusha sauti, "Mwanangu, mwisho wa mwezi nakuletea mke mwingine. Huyu atarudi kwao."

"Mama, anakusikia."

"Na asikie. Mimi pia nilisemwa miaka mitano, nikajitahidi, nikakuzaa. Mwanamke hujitahidi."

Jikoni mkewe aliacha kuosha vyombo.

Dakika kumi zikatimia. Mwokaji akakigeuza kipimo huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Mstari ulikuwa mmoja tu.

Alilia kidogo, akanawa uso. Chini ya huzuni ile alihisi nafuu: mkewe hatafukuzwa kwa kosa lisilo lake. Akavaa viatu, akaenda moja kwa moja kwa mama yake kabla moyo haujamgeuka.

Alimkuta anakunja nguo kitandani.

"Mama, usinitafutie mke. Mwenye tatizo ni mimi. Nimejipima mwenyewe nyumbani, mara mbili."

Alitarajia kilio, au angalau matusi kwa aliyemuuzia kipimo. Mama alilinganisha pembe za shuka, akaikunja, akaiweka juu ya nyingine, kisha akakaa taratibu. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Mkeo anajua?"

"Bado. Namwambia leo."

"Usimwambie." Akavuta pumzi ndefu. "Umefanya vizuri kuja kwangu, mficha uchi hazai. Ila lisitoke humu ndani. Kesho mtume mkeo, aje peke yake."

Mwokaji akasimama. "Mama, nakuomba usimseme tena. Hana kosa."

"Najua hana kosa. Nimemwonea bure, na nitamwomba radhi."

"Sasa unamwitia nini?"

Mama alichukua shati lingine, akalipapasa kola, hakumtazama.

"Marehemu baba yako naye alikuwa hivyo hivyo," alisema. "Nitamweleza mimi nilifanyaje."