Nungunungu na Nakala Zake

Afisa forodha alipofungua begi langu mbele ya abiria wenzangu, akakuta vitabu tu na suruali hakuna hata moja, nilimkumbuka Nungunungu.

Yeye aliishi shimoni, chini ya kilima chenye maktaba kubwa ya chuo kikuu cha wanyama. Kila kitabu alichokiona humo alinunua nakala yake, kwa hofu kwamba wenzake watakiazima yeye akikose. Shimo likajaa, watoto wakawa wanalala mlangoni.

Siku moja mvua ikazidi, maji yakaanza kuingia.

"Mama watoto, niokoe kipi?" alilia Nungunungu. "Cha nyota au cha mizizi?"

"Umekwisha kusoma kipi?"

"Bado! Nilikuwa nachagua."

"Vyote hivyo maktaba inavyo," mkewe akafoka. "Watoto haina. Beba!"