Kidole cha Mwenye Laini

Mtandao wa simu yake haukushika ufukweni Kibirizi, na Mwanaima alikuwa amechoka kupanda kilima kuutafuta kila jioni akishamaliza kuanua dagaa. Ndipo akaenda kwa wakala, laini ihamie mtandao mwingine, namba ibaki ileile. Mumewe aliijua kwa kichwa. Alimwachia simu yenye namba hiyo siku aliporudi Kongo, vita havijaisha, kumfuata mama yake. "Nitapiga," alimwambia.

Miaka ilipita. Wakimbizi wenzake walimsihi akae matanga. Alikataa.

Binti wa wakala akamsogezea mashine. Mwanaima akaweka kidole gumba, kimechanika kwa jua na mchanga, magamba ya dagaa yamenata ukuchani.

"Laini si yako, mama. Mwenyewe aje aweke kidole."

"Hayupo."

"Amesafiri, au amefariki? Kama amefariki, kuna utaratibu wake."

Mwanaima alikitazama kidole chake. Magoti yalimuuma kwa kile kilima.

"Amefariki," akasema.

Binti akaacha kubonyeza. "Pole sana, mama. Lini?"

Mwanaima akaketi kwenye benchi, akajifunika kitenge usoni.

"Leo."