Mlango wa Jukwaani

Asubuhi nzima Makame na rafiki zake wawili, Shemsa na Kombo, walizunguka mji mmoja wa ugenini wakiwa na mabegi mgongoni, wakitazama ngome na makaburi ya wafalme. Alasiri waliingia katika ukumbi wa maigizo. Bawabu aliwaonya kwa lugha ya kuungaunga: "Mlango wa jukwaani ukibishwa, msiitike. Atakayeitika, mgeni ataondoka naye, wala hatamwacha tena."

"Basi Makame tumfunge mdomo," Kombo alitania. "Huyu hata paka akikuna mlango humkaribisha."

Naam, Makame alilelewa akijua kwamba kuiacha hodi bila jibu ni utovu wa adabu.

Mchezo ulichezwa kwa lugha ya wenyeji. Katikati yake waigizaji walinyamaza, na mlango uliosimama peke yake jukwaani ukabishwa. Hadhira yote iliinamisha vichwa. Ukabishwa tena. Kisha, kutoka nyuma yake, sauti ya mwanamke aliyechoka ikasema kwa Kiswahili safi:

"Hodi, wenyewe."

"Karibu," Makame akaitika kabla hajafikiri.

Shemsa akamshika mkono. "Umefanya nini, ndugu yangu?"

"Ni mtu wa kwetu, Shemsa. Ningemwachaje nje?"

Mlango ulifunguka, hakutoka mtu. Watu wa safu yao wakaanza kuinuka mmoja baada ya mwingine, wakijibana kwa heshima, kama wampishao mtu apite. Kando ya Makame, kiti kilichokuwa kimekunjwa kikajishusha taratibu.