Muhuri wa Zambarau

Mahundi alifika kwenye darasa la wanaotaka kuacha pombe akitokea machinjioni, vidole bado vina wino. Alikuwa mkaguzi wa nyama kwa miaka ishirini, na nyama isiyo na muhuri wake wa zambarau haikuuzwa mjini. Yeye hakuwa mlevi, alisema. Amekuja kumridhisha mke wake tu.

Siku hiyo Bi Nyanzala, mshauri wao, alibandika ukutani picha kubwa ya ini.

"Bwana Mahundi, kazi hii ni yako. Hili unalipitisha?"

Mahundi aliinuka, akalisogelea kama ini lililoning'inia kwenye ndoano.

"Halipiti. Limejaa makovu, limekauka. Hili hata mbwa simpi, nalizika."

"Ni la mtu," Bi Nyanzala akasema. "Alikuwa mnywaji."

Mahundi hakurudi kitini.

"Ukikuta ini limeanza tu kuharibika," Bi Nyanzala akauliza, "ng'ombe mwenyewe unamsaidiaje?"

"Namsaidiaje? Mimi namkuta ameshachinjwa."

"Wewe hujachinjwa, kaka yangu."

Mkono wa Mahundi ulipanda taratibu hadi chini ya mbavu za kulia, vidole vikabonyeza huku na huku, kama anavyobonyeza maini ya ng'ombe kila alfajiri. Alipouondoa, jasho na wino vilikuwa vimeacha alama ya zambarau kwenye shati lake jeupe.

Mwenzake wa kiti cha mbele akamnyooshea leso. Mahundi akaipokea, akaishika, asiifute alama ile.